Jinsi ya kutengeneza laibrari ndogo ya JSON kwa C na kuitunza isinenepe

Kuandika kichanganuzi cha JSON, yaani kodi ya kusoma yale maandishi ambayo programu zinapeana data kwayo, sio kazi ngumu kivile, ukiwa unaijua C vizuri wikendi moja inatosha. Kazi ipo kwenye miaka inayofuata, pale watu wameshaanza kukitumia, huyu anataka komenti ndani ya JSON, yule anataka namba kubwa, mwingine kaleta faili la mega 10 wakati we uliwaza ujumbe wa baiti 600, na kila ukimkubalia mmoja laibrari inaongezeka uzito mpaka siku unaangalia unakuta haiingii tena kwenye kile kifaa ulichoitengenezea. Mi yangu niliianza kwa ajili ya mashine za kuuza maji, zile unalipa kwa simu maji yanatoka, na mengi nitakayoandika hapa nimeyajua kwa kukosea kwanza. Natumia C kwa sababu huko kila baiti inahesabika, ila hata we wa Go au Rust hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: soma mkataba, kisha andika usichofanya

Soma RFC 8259, ile hati rasmi inayoeleza JSON ni nini. Ilitoka Desemba 2017, ina kurasa 16 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Wengi wanairuka, wanasema JSON naijua naiona kila siku, alafu wanaandika kitu kinachokubali vitu ambavyo sio JSON. Aina za thamani ni chache: objekti, arei, stringi, namba, na yale maneno matatu true, false na null. Nafasi tupu zinazoruhusiwa ni herufi 4 tu, yaani speisi, tabu na zile mbili za kukata mstari. Hakuna komenti, hakuna koma ya ziada kabla ya kufunga mabano, hakuna nukuu moja.

Ukimaliza chukua karatasi uandike laibrari yako HAITAFANYA nini. Yangu ilikuwa na mistari minne: haiombi memori yenyewe, haisomi komenti, haiandiki JSON (kuandika ni faili lingine kabisa, anayehitaji achukue), na haimsahihishii mtumaji makosa yake. Hiyo orodha iweke juu kabisa kwenye README, kabla hata ya mfano wa kwanza. Mtu akija mwaka wa tatu na ombi lake zuri kabisa utamwonyesha mstari ulioandikwa kabla hujamjua, na hawezi kuhisi umemkataa yeye.

Hatua ya 2: chagua umbo

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni mti, unasoma ujumbe wote unajenga nodi kwenye memori, kama cJSON ya Dave Gamble inavyofanya, faili moja la .c na moja la .h, na imekaa kwenye miradi mingi sana kwa sababu ni rahisi kutumia. Ya pili ni tokeni, kama jsmn, ambapo hunakili chochote, unaweka tu alama kwamba stringi imeanzia baiti ya 14 ikaishia ya 20, na anayeita ndiye anakuletea nafasi ya kuweka hizo alama. Ya tatu ni matukio, kila ukikutana na kitu unaita funksheni ya mtumiaji, inakula memori kidogo kuliko zote ila kodi ya mtumiaji inakuwa ngumu kufuata.

Kwa laibrari nyepesi mi nasimama na tokeni. Sababu kubwa ni kwamba bila malloc (funksheni ya C ya kuomba memori) hakuna memori ya kusahau kuirudisha, hakuna swali la nani anafuta nini, na nusu ya bagi za laibrari za C hazina pa kuzaliwa. Tokeni yenyewe iwe hivi:

```
typedef struct {
    uint16_t mwanzo;
    uint16_t mwisho;
    uint16_t watoto;
    uint8_t  aina;
} tokeni;
```

Hiyo inakaa kwenye baiti 8 au chini. Ungetumia int za biti 32 ingekuwa 16. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini Arduino Uno R3, kile kibao kidogo cha kuendeshea vifaa, ina RAM ya baiti 2,048 zote kwa pamoja, kwa hiyo tokeni 64 za baiti 16 zinakula nusu ya memori yote na za baiti 8 zinakula robo. Gharama yake ni kwamba ujumbe hauwezi kuzidi baiti 65,535, na hilo liandike wazi, alafu ulikague mwanzoni mwa funksheni urudishe kosa. Usije ukaacha hesabu izunguke kimyakimya.

Ili ujue tokeni ngapi zinatosha, hesabu ujumbe halisi. Kolibeki ya STK ya M-Pesa kutoka Daraja ya Safaricom, yaani ujumbe wanaoitumia seva yako kuhusu malipo ya simu, malipo yakifanikiwa inatoa kama tokeni 40, ukihesabu kila jina na kila thamani. Ukijua hivyo huna haja ya kutenga 500.

Hatua ya 3: kutembea juu ya baiti

Hapa andika lupu moja yenye switch, angalia herufi iliyopo, amua. Usitumie `isspace` kuruka nafasi tupu, inakubali hadi herufi ambazo JSON haizitaki, inabadilika kufuatana na lokale (mipangilio ya lugha na nchi), na ukiipa char yenye alama hasi umeingia kwenye tabia isiyotabirika. Linganisha zile herufi 4 mwenyewe.

Na kila unaposoma baiti, kagua kwanza kama bado uko ndani ya urefu. Usitegemee ile baiti ya sifuri inayofunga stringi za C, data ya mtandao haiji nayo. Funksheni yako ipokee pointa na urefu, siku zote.

Kuhusu kina. Watu wanaandika funksheni inayojiita yenyewe kila ikikuta bano, inapendeza kusoma, mpaka atokee mtu akutumie mabano laki moja ya kufungua bila kufunga hata moja, na staki inapasuka. cJSON imejiwekea kikomo cha ngazi 1,000. Kwenye kifaa kidogo hata 1,000 ni nyingi mno. Mi nilichofanya ni kuacha kujiita kabisa, nikaweka `uint32_t` moja, kila biti ni ngazi, 1 maana yake niko ndani ya objekti na 0 niko ndani ya arei, ukifungua bano unasogeza kushoto, ukifunga unasogeza kulia, na pembeni kuna kaunta ya kina. Baiti nne zinabeba ngazi 32, na sijawahi kuona ujumbe wa kifaa unaofika hata 10.

Hatua ya 4: stringi

Eskepu, yaani herufi zinazoandikwa kwa kutanguliza `\`, zenyewe ni fupi: `\" \\ \/ \b \f \n \r \t` na `\u` yenye tarakimu nne za heksa. Herufi yoyote iliyo chini ya 0x20 ikikaa uchi ndani ya stringi ni kosa, hata tabu.

Penye utata ni `\u`. Emoji na herufi nyingine za juu haziingii kwenye tarakimu nne, kwa hiyo zinakuja mbilimbili, ya kwanza kati ya D800 na DBFF, ya pili kati ya DC00 na DFFF, mfano `\uD83D\uDE00` ni kile kikaragosi kinachocheka, U+1F600. Lazima uamue nusu ikija peke yake unafanya nini. Mi nairudisha kama kosa pale mtu anapoomba kuifungua stringi, maana hakuna UTF-8 halali ya kitu kama hicho.

Alafu kuna `\u0000`. Ni JSON halali kabisa, ila C inaichukulia ni mwisho wa stringi, kwa hiyo mtumaji akiweka jina `"admin\u0000x"` na we unalinganisha kwa `strcmp` baada ya kulifungua, kwako litasomeka admin. Rudisha urefu pamoja na pointa na linganisha kwa `memcmp`, urefu kwanza. Na hapohapo kwenye urefu, vesheni yangu ya kwanza ilikuwa inalinganisha majina kwa `strncmp` kwa urefu wa neno lililotafutwa tu, sasa ukitafuta Amount na ujumbe una AmountPaid juu yake unapewa AmountPaid. Ilikaa miezi bila kuonekana kwa sababu ujumbe wa kwetu haukuwa na majina yanayofanana mwanzo.

Hatua ya 5: namba, hapa ukae sana

Kama kuna sehemu moja ya kuipa muda wako wote, ni hii, kwa sababu stringi ikikosewa mtu anaona, namba ikikosewa hela zinaenda kwingine.

Kwanza kagua umbo kabla ya kugeuza. `01` sio JSON, `+1` sio, `1.` sio, `.5` sio, `-0` ni halali. Ukimrushia `strtod`, funksheni ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba, moja kwa moja atakubali `0x10`, `inf` na `nan`, maana yeye hajui habari za JSON. Kwa hiyo pita kwenye tarakimu mwenyewe, hakikisha umbo, ndipo umwite.

Pili, `strtod` anafuata lokale. Programu ikishaita `setlocale` na kompyuta imewekwa Kijerumani au Kifaransa, alama ya desimali inakuwa koma, na 5.75 inasomwa 5 alafu anaishia pale penye nukta. Kosa hili limepita kwenye laibrari nyingi za JSON za C. Dawa ni kunakili namba kwenye bafa ndogo na kuweka pale kwenye nukta kile kinachorudishwa na `localeconv()`, au kuandika kigeuzi chako mwenyewe, ila la pili ni kazi kubwa kuliko linavyoonekana, kuzungusha desimali ya mwisho kwa usahihi kuna watu wameandikia makala za kitaalamu.

Tatu, ukubwa. Dabo ya biti 64 inashika namba kamili bila kupoteza hadi 9,007,199,254,740,992, yaani 2 kwa kipeo cha 53. Ukiongeza 1 juu yake inarudi palepale. Hiyo ni dabo kamili sasa, kwenye Uno R3 dabo ni biti 32 tu, sawa na floti. Turudi kwenye ile kolibeki: PhoneNumber inakuja kama namba, sio stringi, tarakimu 12 zinazoanza na 254. Haiingii kwenye int ya biti 32, hiyo inaishia bilioni 2 na kitu. Ukiiweka kwenye floti ya biti 32, ukubwa ule floti inaruka kwa hatua za 16,384, maana yake namba za simu elfu kumi na sita za watu tofauti zinakuwa namba moja. TransactionDate nayo inakuja kama namba ya tarakimu 14, mfano 20240305143000, yaleyale.

Ndio maana laibrari yangu haigeuzi namba mpaka iombwe. Tokeni inasema tu hapa pana namba, kuanzia baiti hii hadi hii, na kuna funksheni tatu: moja inatoa `int64_t` na inakataa ikizidi au ikiwa na nukta, moja inatoa dabo na inakataa `1e400` badala ya kukupa infiniti, na moja inakupa maandishi kama yalivyokuja. Hela na namba za simu zisome kwa ya kwanza au ya tatu, usizipitishe kwenye dabo hata kama umeona inafanya kazi kwenye laptopu.

Hatua ya 6: makosa

Rudisha aina ya kosa na nafasi ya baiti, basi. Aina tatu zinatosha: ujumbe mbovu, tokeni hazitoshi, na ujumbe haujakamilika. Hii ya mwisho usiichanganye na mbovu, kwa sababu kwenye modemu ya GSM data inakuja vipandevipande na anayeita anahitaji kujua kama asubiri au atupe. Kuna kona moja hapa, ujumbe ambao ni namba tupu, mfano `12`, huwezi kujua umeisha au 3 inakuja nyuma, kwa hiyo anayeita lazima aweze kukwambia kwamba data imeisha.

Hatua ya 7: testi

Anza na JSONTestSuite aliyoitoa Nicolas Seriot mwaka 2016. Ina mafaili zaidi ya 300, yanayoanza na `y_` lazima uyakubali, `n_` lazima uyakatae, `i_` ni uamuzi wako. Yale ya `i_` usiyaache hivihivi, andika umeamua nini kwa kila moja, kwa sababu mtu atakuja kuuliza.

Testi inayofuata ni ya kwangu na imenikamatia bagi nyingi kuliko zote. Chukua kila ujumbe halali ulio nao, ukate kwenye kila baiti, yaani baiti 0, baiti 1, baiti 2 hadi mwisho, na kila kipande kinakili kwenye memori ya malloc yenye ukubwa uleule kamili, alafu kichanganue ukiwa umekompaili na `-fsanitize=address,undefined`. Ukisoma hata baiti moja nje ya mpaka programu inasimama na kukuonyesha mstari. Jibu la kila kipande cha objekti liwe "haujakamilika", likitokea lingine una bagi.

Baada ya hapo weka fazingi, yaani programu ya kuirushia laibrari data ya ovyoovyo, libFuzzer au AFL, iache usiku kucha. Kila kitakachodondosha laibrari hifadhi kama faili la testi milele.

Na usisahau ujumbe halisi wa kila siku. Mteja akighairi malipo ile kolibeki inakuja na ResultCode 1032 na CallbackMetadata haipo kabisa, sio kwamba ipo tupu, haipo. Kwa hiyo kutafuta jina lisilokuwepo lazima kurudishe jibu salama, na kutafuta ndani ya hilo jibu nako kuwe salama, ili mtu aandike mlolongo wa kutafuta bila kukagua katikati.

Hatua ya 8: majina yanayojirudia

RFC inasema majina ndani ya objekti yanapaswa kuwa ya kipekee, ila haimkatazi mtu kabisa, na laibrari moja inachukua la kwanza nyingine la mwisho. Mwaka 2017 hifadhidata ya CouchDB ilipata tundu la usalama kwa hilihili, CVE-2017-12635: upande mmoja ulisoma JSON kwa Erlang, mwingine kwa JavaScript, mtu akaweka `roles` mara mbili, ukaguzi ukaona moja na utekelezaji ukaona nyingine, akawa admin. Mi nakataa ujumbe wenye jina lililorudiwa ndani ya objekti moja. Kuangalia kunachukua muda kidogo lakini kwa objekti za majina 10 hausikii. Ukichagua vingine sawa, ila chagua mapema na uandike, kwa sababu kubadilisha baadaye ni kuvunja kodi ya watu.

Hatua ya 9: kasi, baada ya kupima

Mwaka 2021 kuna mtu alichunguza kwa nini gemu ya GTA Online inachukua dakika 6 kufunguka kwake, akakuta inasoma JSON ya mega 10 yenye vitu kama 63,000 kwa `sscanf`, na `sscanf` kila ikiitwa inahesabu urefu wa stringi yote iliyobaki, mega kwa mega, kwa kila thamani. Hiyo pamoja na utafutaji wa orodha uliokuwa unapita kila kitu, alivyovirekebisha muda ukapungua kwa kama asilimia 70. Hakutumia ufundi wa prosesa wala nini, aliondoa kazi inayorudiwa bure. Kwako tafuta vitu vya namna hiyo kwanza: `strlen` ndani ya lupu, kutafuta jina kuanzia mwanzo kila mara, kunakili stringi ambazo hakuna aliyeziomba. Laibrari ya simdjson inasoma gigabaiti kadhaa kwa sekunde kwa kutumia maagizo maalum ya prosesa, ni kazi ya kuheshimika sana, na anayehitaji hivyo mwelekeze kule.

Hatua ya 10: kuitunza

Funksheni zote za ndani ziwe `static`, za nje zianze na kiambishi kimoja. Enamu mpya ziongezwe mwisho, usipange upya hata kama zingependeza. Namba za vesheni zifuate kanuni ya namba tatu (mfano 2.1.0), ya kwanza ikipanda ujue kitu kimevunjika, na hapa watu wanakosea kitu kimoja: kuwa mkali zaidi nako ni kuvunja. Nilivyoanza kukataa `01` nilitoa kama rekebisho dogo la kawaida, kuna mtu seva yake ilikuwa inatuma dakika kama 05, mashine zake zikaacha kusoma ujumbe asubuhi ile. Kwa RFC nilikuwa sahihi, ila kwake nilimharibia kazi, na ilitakiwa iwe vesheni kubwa yenye maelezo juu kabisa.

Alinishauri niweke makro ya kuruhusu tabia ya zamani. Nilikataa na bado nakataa. Kila makro ya kuwasha na kuzima inazidisha laibrari mara mbili, makro 5 ni laibrari 32 tofauti, na hakuna mtu anayezitesti zote. Nilimwandikia mistari sita ya kusafisha ujumbe kabla haujaingia, ikakaa kwenye kodi yake.

Cha mwisho, uzito wenyewe uupime kwa mashine, usiupime kwa macho. Kila ukisukuma komiti, kompaili kwa `avr-gcc -Os` (kompaila ya chipu kama ya Uno R3), endesha `size`, na ikizidi kikomo ulichoweka testi zianguke palepale kama bagi nyingine yoyote. Yangu nimeiwekea baiti 3,000. Mara mbili imenibidi nifute kitu cha zamani ili kipya kiingie, na mara ya mwisho kilichotoka ni funksheni ya kuhesabu kosa liko mstari wa ngapi, kazi ambayo mwenye nafasi ya baiti anaifanya mwenyewe kwa lupu ya mistari minne. Ikatoka, ile lupu nikaiweka kwenye README, na namba ya kwanza ya vesheni ikapanda.